Hiki Kimetengenezwa kwa Nini? Mwongozo wa Kumfundisha Mtoto Sifa za Maada na Kuzipanga Makundi

Mpe mtoto wa miaka saba kijiko cha chuma, kijiko cha mbao na kijiko cha plastiki, kisha mwambie avipange pamoja na msumari, penseli na kifuniko cha chupa. Karibu kila mtoto atavirundika vijiko upande mmoja na kusema, "Hivi vyote ni vijiko." Hajakosea hata kidogo. Amepanga kwa kuangalia kazi ya kitu. Sasa muulize swali jingine: kimetengenezwa kwa nini, yaani maada yake ni ipi? Hapo vijiko vinaachana. Cha chuma kinamfuata msumari, cha mbao kinakwenda kwa penseli, na cha plastiki kinakaa na kifuniko.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, kaka au dada mkubwa aliye na mtoto wa kati ya miaka 6 na 10. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: kundi ni jibu la swali. Ukibadilisha swali, kitu kilekile kinahama kundi. Mtoto aliyekaririshwa kwamba "metali ni ngumu na plastiki ni nyepesi" atakwama siku atakapoikunja karatasi ya alumini kwa vidole viwili. Mtoto aliyezoea kuuliza na kujaribu hatakwama.

Usijaribu kuyamaliza yote haya kwa siku moja. Hatua mbili kwa wiki zinatosha sana.

Hatua ya 1: Kusanya vitu vinavyogombana

Vitu kati ya 15 na 20 vinatosha. Vikizidi hapo mtoto anachoka kuvishika kabla hajaanza kufikiri. Chagua vile vinavyofanana kwa jambo moja na kutofautiana kwa jingine, maana hivyo ndivyo vinavyozua ubishi mzuri. Mimi hutumia vijiko vitatu nilivyovitaja, chupa ya maji ya plastiki pamoja na kifuniko chake, kopo la chuma na kopo la kinywaji la alumini, karatasi ya alumini, msumari, kipande cha waya wa shaba, penseli iliyochongwa ncha zote mbili, kifutio, kokoto, mshumaa, karatasi nyeupe, kipande cha kitambaa cha pamba na kingine cha nailoni, na bilauri ya kioo ambayo naishika mwenyewe.

Ongeza vifaa vya kujaribia: beseni la maji, tochi, sumaku moja kubwa, betri mbili za tochi za volti 1.5 kila moja, balbu ndogo inayolingana nazo, na nyaya mbili fupi.

Kuna vitu ambavyo sitaki vionekane mezani kabisa. Sumaku ndogondogo ni hatari kubwa, kwa sababu mtoto akimeza mbili zinavutana zikiwa tumboni na kuubana utumbo katikati. Betri za kidonge nazo huunguza koo zikimezwa. Weka mbali vioo vilivyovunjika, makopo yenye kingo kali, na unga au kimiminika chochote usichokijua. Kisha toa sheria moja, na uirudie kila siku: hatuonji kitu. Hata sukari hatuionji, kwa sababu leo ni sukari na kesho itakuwa unga mweupe mwingine.

Hatua ya 2: Tenganisha jina la kitu na jina la maada

Hapa usiwe na haraka. Makosa mengi ninayoyaona baadaye kwenye majaribio huzaliwa hapa, na mengi yanatoka kwenye lugha yetu wenyewe.

Fikiria neno *mpira*. Ni kitu kinachopigwa teke uwanjani, na pia ni maada inayonyumbuka. Mpira wa uwanjani unaweza kutengenezwa kwa plastiki, bila mpira wowote ndani yake. *Kioo* ni maada inayopitisha mwanga, na pia ni kile unachojitazamia uso, ambacho hakipitishi mwanga hata chembe kwa sababu nyuma yake kimepakwa metali. *Glasi* ya kunywea maji huenda ikawa ya plastiki. Na *bati*? Bati ni metali yenye jina lake katika kemia, lakini bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Ndiyo maana sumaku inalinasa bati la paa, na mtoto aliyeambiwa kwamba bati si chuma anabaki ameduwaa.

Gumu kuliko yote ni *chuma*. Kwenye mazungumzo ya kila siku tunaita chuma karibu kila metali inayong'aa. Mtoto naye anasikia "sumaku hunasa chuma" na kuelewa kwamba sumaku hunasa kila kinachong'aa. Kwa hiyo mpe maneno mawili mapema. *Metali* ni ukoo mzima. *Chuma* ni mmoja wa ukoo huo, na ndugu zake ni shaba, alumini, zinki, dhahabu, fedha na wengineo. Mtoto wa miaka saba analimudu neno metali vizuri kabisa, usimwonee huruma.

Sasa fanyeni zoezi. Mtoto ashike kitu kimoja kimoja na kusema sentensi moja isiyobadilika: "Hiki ni ___, kimetengenezwa kwa ___." Hiki ni kifutio, kimetengenezwa kwa mpira. Hii ni bilauri, imetengenezwa kwa kioo. Akifika kwenye penseli atasema "mbao." Mwache, kisha mwonyeshe ncha: ile nyeusi ni nini? Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Na rangi ya nje je? Penseli moja ina maada tatu au nne. Muulize ni kwa nini mtengenezaji hakutumia moja tu, halafu nyamaza umsikilize. Majibu yao hapa yananifurahisha kila mara.

Kuna jambo la pembeni ambalo watoto wanalipenda. Kiswahili chenyewe kinapanga vitu kwa ngeli: kijiko, kikombe, kifutio, kioo, kifuniko vyote vinaanza na *ki-*. Basi ni kundi? Ndiyo, ni kundi la sarufi. Lakini ndani yake mna chuma, plastiki, mpira na kioo. Swali la sarufi limetoa kundi moja, na swali la maada lingetoa kundi jingine.

Hatua ya 3: Macho na vidole, na maneno mawili ya kuyaangalia

Mwambie mtoto aeleze kila kitu bila kukitaja jina, nawe ukiwa umefumba macho ukisie. Kina rangi gani? Kinang'aa? Kinapinda? Ukikivuta kinanyumbuka na kurudi? Ukikigonga kinalia vipi?

Baada ya dakika chache atakwambia bilauri ni laini. Msitofautiane naye, kwa sababu kwa upande mmoja amesema kweli. *Laini* katika Kiswahili ni ile isiyoparuza, na pia ni ile inayobonyea. Kioo hakiparuzi, lakini hakibonyei. Sponji inabonyea, lakini uso wake unaparuza kidogo. Kwa hiyo gawa swali mara mbili. Kwanza pitisha kidole: uso unateleza au unaparuza? Kisha bonyeza: kinabonyea au ni kigumu? Andikeni majibu hayo kwenye safu mbili tofauti, na neno laini mliweke kando kwa muda.

Neno la pili ni *-zito*. Tunasema jiwe ni zito, na tunasema pia uji ni mzito. La kwanza ni uzani, la pili ni namna kinavyotiririka. Mtoto anaona mafuta ya kupikia yanatiririka polepole kuliko maji, anasema ni mazito, halafu anashangaa yanapoelea juu ya maji. Asali nayo inatiririka polepole, na hiyo inazama. Mwonyeshe yote mawili kwenye chupa moja inayopitisha mwanga. Mimina asali, kisha maji taratibu, kisha mafuta. Yatakaa tabaka tatu, na hakuna maelezo yako yatakayozidi picha hiyo.

Ugumu unaweza kupimwa kwa kukwaruza. Ukucha unaacha alama kwenye mshumaa, lakini si kwenye kijiko cha chuma. Msumari unaacha alama kwenye plastiki na kwenye mbao. Kanuni ni kwamba kigumu humkwaruza aliye laini kuliko yeye. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa njia hiihii, kuanzia talki iliyo laini kuliko yote hadi almasi iliyo ngumu kuliko yote, na mpangilio wake unatumika mpaka leo. Ukucha wako ungekaa katikati ya namba 2 na 3. Bilauri msiikwaruze. Na mtoto akikwambia kioo si kigumu kwa sababu kinavunjika, mweleze kwamba kuwa kigumu na kuwa imara ni mambo mawili. Kioo hakikwaruziki kwa urahisi, lakini kikianguka kinapasuka, ilhali mpira unakwaruzika na ukianguka unaruka.

Hatua ya 4: Bashiri, jaribu, andika

Chora jedwali lenye safu nne: kitu, maada, nilibashiri nini, nimeona nini. Kubashiri kunakuja kabla ya kujaribu, tena kwa kalamu, ili asifute. Watoto wengi wanaogopa kukosea na watataka kurekebisha utabiri wao baadaye ufanane na jibu. Waambie kwamba mstari ambao utabiri na jibu vimetofautiana ndio utakaozungumziwa kwanza. Baada ya siku mbili watakuwa wanaitafuta hiyo mistari.

Sheria ya pili ni ya haki. Mkilinganisha vitambaa viwili, viwe vya ukubwa mmoja na vidondoshewe maji sawasawa. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Beseni la maji

Beseni lina majaribio matatu ndani yake, nami naliona kuwa ndilo darasa lenyewe.

*Kuelea na kuzama.* Anza na chupa ya plastiki iliyofungwa kifuniko. Itaelea. Mtoto ataandika "plastiki huelea." Sasa kata wewe mwenyewe kipande kidogo cha ubavu wa chupa hiyo, ukubwa wa ukucha, na uweke ndani ya maji pamoja na kifuniko kilichofunguliwa. Vizamishe vyote kwa kidole na uvisugue ili viputo vya hewa viondoke, la sivyo kipande chepesi kitabebwa na ngozi ya juu ya maji. Ukiviachia, kifuniko kinapanda juu na kipande cha chupa kinashuka taratibu hadi chini.

Msichana mmoja wa miaka minane alirudia jaribio hili mara nne mfululizo mbele yangu. Alikitoa kipande, akakikausha kwa sketi, akakirudisha majini, akainama mpaka pua ikakaribia maji. Mara ya nne aliinuka akasema, "Mwalimu, kumbe hizi si plastiki moja."

Na kweli si moja. Geuza chupa za maji uangalie chini: nyingi zina alama ya pembetatu ya mishale yenye namba 1, na hiyo ni plastiki iitwayo PET. Sentimita moja ya ujazo ya PET ina gramu 1.38 hivi, wakati ya maji ina gramu 1. Kifuniko kwa kawaida ni cha polipropilini au polithini, ambazo ziko chini ya gramu 1. Viwanda vya kurejeleza plastiki hutumia hilohilo: chupa zinakatwakatwa vipande, zinamwagwa kwenye bwawa la maji, na vipande vinajitenga vyenyewe. "Plastiki" ni jina la ukoo, kama metali.

Lakini kwa nini chupa nzima ilielea? Kwa sababu ilijaa hewa. Hapa ndipo mtoto anapoanza kuona tofauti kati ya sifa ya maada na sifa ya umbo. Thibitisha kwa udongo wa mfinyanzi au plastisini: tonge linazama, lakini ukilifinyanga kama bakuli jembamba linaelea. Gramu ni zilezile. Mbao nyingi huelea, ila mpingo huzama kama jiwe, kwa hiyo hata "mbao huelea" ni sentensi ya kuandikwa kwa tahadhari. Na kama una barafu, weka kipande uone jinsi karibu sehemu tisa kwa kumi za mwili wake zinavyobaki chini ya maji.

*Kusharabu, yaani kunyonya maji.* Tandaza kitambaa cha pamba, cha nailoni, karatasi na kipande cha mfuko wa plastiki. Dondosha matone matano ya maji kwa kila kimoja na hesabuni hadi thelathini. Kwenye pamba tone linasambaa na kupotea. Kwenye mfuko linabaki limesimama kama shanga. Nailoni mara nyingi inasita kabla ya kulowa. Muulize mtoto: taulo utalitengeneza kwa kipi, na mwavuli kwa kipi? Maji yaliyoingia yako wapi? Pamba ni nyuzi, na maji yamejipenyeza katikati ya nyuzi hizo na ndani yake.

*Kumumunyuka.* Kiswahili kina maneno mawili hapa, ila kwa mazoea tunatumia moja tu. Barafu *huyeyuka*: joto linaigeuza kutoka yabisi, yaani kitu chenye umbo lake, kuwa kimiminika, wala haihitaji kitu kingine. Chumvi kwenye maji *humumunyuka*: inaachana chembe kwa chembe na kusambaa ndani ya maji, na bila maji haifanyi hivyo. Tukiita yote mawili kuyeyuka, mtoto anabaki akidhani sukari inageuka maji.

Chukua vikombe vinne vya maji sawasawa. Weka kijiko kimoja cha chumvi, cha sukari, cha mchanga na cha unga, kila kimoja kwenye kikombe chake, na koroga. Chumvi na sukari hazionekani tena. Mchanga umekaa chini. Unga ndio mjanja: maji yanakuwa meupe na mtoto ataapa kwamba umemumunyuka. Viacheni saa moja. Unga utakuwa umeanza kutuama, na maji ya juu yameanza kuwa safi. Sasa mimina maji ya chumvi kidogo kwenye sahani pana na uiache mahali penye jua au upepo. Baada ya siku mbili tatu chumvi itakuwa imerudi sahanini. Haikupotea. Kama mtoto ni mkubwa kidogo, endeleeni kuongeza chumvi kwenye mililita 100 za maji na kupima: ikifika gramu 36 hivi inakataa, na inayozidi inabaki chini.

Mchanga unaleta swali jingine ambalo mtoto lazima ataliuliza: kwa nini ni yabisi wakati unamiminika kama maji? Umimine mezani. Unajenga kichuguu. Maji yangejitandaza. Kisha mpe punje moja na kioo cha kukuzia, aone kwamba kila punje ina umbo lake na halibadiliki.

Hatua ya 6: Mwanga

Fanyeni chumbani penye giza. Mtoto amulike kila kitu kwa tochi huku karatasi nyeupe ikiwa nyuma yake. Makundi ni matatu: vinavyopitisha mwanga mpaka unaona vizuri ng'ambo (vitu angavu), vinavyopitisha kiasi lakini huoni umbo (nusu angavu), na visivyopitisha kabisa. Bilauri, mfuko mzito wa plastiki na karatasi ya alumini vinatosha kuonyesha.

Halafu fanya hili. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida na udondoshe tone moja la mafuta ya kupikia. Subiri kidogo lienee, kisha iinue mbele ya taa. Doa la mafuta linang'aa kama dirisha dogo, karatasi iliyobaki ni nyeusi kidogo. Sasa iteremshe na uiweke mezani, taa ikiwa upande wako. Doa limekuwa jeusi, karatasi ndiyo nyeupe. Watoto huiinua na kuishusha mara nyingi, wakidhani ni kiini macho. Karatasi ni nyuzi nyingi zenye hewa katikati, na mwanga unagonga kila mpaka wa uzi na hewa ukitawanyika, mwingine ukirudi ulikotoka. Mafuta yanajaza nafasi zile, kwa hiyo mwanga mwingi unapenya, na unaorudi unapungua. Dondosha na maji pembeni: hufanya vivyo hivyo, ila yakikauka dirisha linafunga.

Unene nao una neno. Mfuko mmoja mweupe unapitisha mwanga, ukiukunja mara kumi haupitishi. Linganisheni vitu vya unene unaokaribiana.

Hatua ya 7: Sumaku, kisha umeme

Yafanyeni kwa kufuatana, maana jibu la pili linalirekebisha la kwanza.

Mtoto abashiri, kisha apitishe sumaku. Msumari unanaswa. Kopo la chuma linanaswa. Kopo la alumini, karatasi ya alumini na waya wa shaba havinaswi. Mpe muda ahuzunike. Katika metali za kawaida, zinazonaswa ni chuma, nikeli na kobalti, pamoja na aloi zao nyingi, yaani metali hizo zikichanganywa na nyingine. Sarafu ni nzuri sana hapa, kwa sababu baadhi ni chuma kilichopakwa metali nyingine na baadhi si chuma kabisa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Jihadhari na kijiko. Baadhi ya vijiko vya chuma kisichoshika kutu havinaswi na sumaku, hasa vyenye alama 18/10, yaani asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli. Nikeli, ijapokuwa yenyewe hunaswa, hapa inabadilisha namna atomi za chuma zinavyojipanga, na sumaku inakosa cha kushika. Kijaribu kabla ya somo ili ujue kiko upande gani.

Kwa umeme, unganisha betri mbili, balbu na nyaya, ukiacha pengo kati ya ncha mbili za waya. Kitu kikiwekwa kwenye pengo, balbu ikiwaka hicho ni kipitishi, isipowaka ni kihami. Usiache mtoto aunganishe pande mbili za betri kwa waya mtupu bila balbu, maana waya unapata moto haraka. Na mwambie waziwazi, huku ukimtazama machoni: hili ni la betri tu, soketi ya ukutani haichezewi kamwe, maana inaua.

Metali zote zitawasha balbu, hata alumini na shaba ambazo sumaku ilizikataa. Kopo lenye rangi halitawasha mpaka ukwaruze rangi, na hapo mtoto atajionea kwamba aligusa rangi, hakugusa metali. Kisha mpe penseli. Aguse mbao: hakuna kitu. Aguse ncha moja ya grafiti na ncha nyingine: balbu inawaka, pengine kwa unyonge, kwa hiyo fanyeni kwenye giza. Grafiti si metali. Ni kaboni, ndugu wa almasi, na inapitisha umeme. Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote mezani.

Hatua ya 8: Joto

Hili ni fupi. Vijiko vitatu vikikaa chumba kimoja usiku kucha vina joto sawa, lakini ukivigusa asubuhi cha chuma kinahisi baridi. Hakina baridi zaidi: kinachukua joto la mkono wako haraka zaidi. Kuthibitisha, bandika ushanga mmoja juu ya mpini wa kila kijiko kwa siagi kidogo, visimamishe kwenye kikombe, na wewe mwenyewe umimine maji ya moto yasiyotokota. Ushanga wa kijiko cha metali utaanguka kwanza. Mtoto akae hatua moja nyuma.

Hatua ya 9: Kupanga

Sasa rudisha vitu vyote mezani pamoja na jedwali. Tandaza kamba mbili sakafuni kama duara mbili zinazoingiliana. Duara moja iwe ya "hupitisha mwanga," nyingine ya "haisharabu maji." Bilauri itakwenda katikati. Karatasi yenye doa la mafuta itazua mabishano, na yaache yaendelee. Kisha badilisha maswali: "hunaswa na sumaku" na "hupitisha umeme." Watoto watahangaika kutafuta cha kuweka upande wa sumaku peke yake na hawatakipata mezani hapo. Mmoja ataichukua kamba ya sumaku na kuiingiza yote ndani ya kamba ya umeme. Usimwambie afanye hivyo, msubiri.

Swali la "asili au la kutengenezwa" litajitokeza. Ni swali zuri, lakini halijibiwi kwa beseni wala sumaku. Linahitaji kujua historia ya kitu. Kioo hutokana na mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Plastiki nyingi hutokana na mafuta ghafi. Ya kwanza kuundwa yote na binadamu, bakelaiti, ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, na haiyeyuki ikipashwa moto, ndiyo maana ilifaa kwa mipini ya vyombo na swichi. Liweke swali hili kwenye safu yake ya pekee.

Mwisho chora mti wa maswali ya ndiyo na hapana. Juu kabisa: "Hupitisha umeme?" Tawi la ndiyo: "Hunaswa na sumaku?" Tawi la hapana: "Huelea?" Endeleeni kugawa mpaka kila tawi libaki na kitu kimoja. Maswali yawe yale tu ambayo mtoto ameyajaribu kwa mkono wake, "Ni kizuri?" haliingii, na "Ni kikubwa?" pia haliingii mpaka aseme kikubwa kuliko nini. Mti ukikamilika, mpe mtoto mwingine aufuate na kitu ambacho hakikuwepo mezani, mathalani kizibo cha chupa au kipande cha ngozi. Kikikosa tawi, msikilazimishe: tafuteni swali jipya, mlijaribu, kisha mchore tawi lake.